Mhogo wa Amani: Mbegu Iliyokwenda Nigeria Ikarudi Nyumbani



Karibu na stesheni ya mtaa ninaokaa hapa Uingereza kuna duka la Wahindi ambalo wengi wetu tunalitegemea kwa mambo ya kwetu. Mihogo hupangwa sandukuni karibu na mlango, imepakwa nta mpaka inang'aa kama mshumaa, na kibandiko chake kinasema imetoka Costa Rica. Kwenye friza kuna kisamvu kilichotwangwa na kugandishwa, ambacho ndugu zetu wa Kongo wanakiita sombe au pondu. Jumamosi moja kijana wa jamaa yangu, aliyezaliwa huku huku, aliniuliza: "Mjomba, kwa nini mihogo haitoki kwetu?"

Nilimjibu juu juu, habari za gharama za meli na masharti ya forodha. Lakini swali lile lilinirudia usiku, kwa sababu kuna wakati ambapo hata kwetu kwenyewe mihogo nusura itoweke, na iliyoiokoa ilitoka mbali. Nimeona si vibaya nikiieleza habari hiyo hapa kwa faida ya vijana wetu, na hata kwa sisi watu wazima ambao tuliila mihogo hiyo bila kujua asili yake. Kwa kazi mimi ni mhandisi, si bwana shamba, na sitajifanya bingwa wa mimea. Nimeifuatilia habari hii kwa miaka kwa sababu inahusu jambo ambalo wahandisi hujiuliza kila siku: kitu kikivunjika, akiba yake iko wapi?

Kilimani Amani

Amani ni mahali juu ya milima ya Usambara Mashariki, ukipanda kutoka Muheza. Wajerumani walianzisha huko taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pembe nyingi za dunia. Walichokitafuta ni mazao ya kuuza Ulaya, na mhogo haukuwa mojawapo. Hata hivyo ugonjwa wa mhogo ulikwisha kuonekana katika koloni lao. Mjerumani mwenzao, Warburg, aliuandika mwaka 1894, na hayo ndiyo maandishi ya kwanza yanayojulikana kuhusu ugonjwa ambao wakulima wetu wanauita batobato. Majani hujikunja na kupata mabaka ya manjano, mti hudumaa, na ukichimba unakuta mizizi myembamba kama vidole.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliichukua Amani, na mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaifungua upya kuwa kituo cha utafiti kwa makoloni yao ya Afrika Mashariki kwa pamoja. Miongoni mwa waliofika ni H. H. Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea. Serikali za kikoloni zilikuwa zikiwahimiza, na mara nyingi zikiwalazimisha, wakulima kupanda mihogo iwe kinga ya njaa. Sasa kinga yenyewe ilikuwa mgonjwa. Katika miaka ya 1930 Storey na mwenzake, R. F. W. Nichols, wakaanza kutafuta mhogo unaoweza kuhimili batobato. Walikusanya aina za kienyeji na za kutoka ng'ambo, wakazipanda pamoja na kuzitazama. Nyingine zilivumilia kidogo kuliko wenzake, lakini hapakuwa na hata moja iliyosalimika kabisa.

Hapo ndipo walipougeukia mpira. Waliokulia Tanga na Pwani watanielewa haraka, kwani kwetu kuna kisamvu cha mhogo na kuna kisamvu cha mpira. Huo mpira ni mti wa asili ya Brazil ambao Wajerumani waliupanda mashambani kwa ajili ya utomvu wake. Bei ya mpira ilipoanguka mashamba yakaachwa, miti ikabaki kwenye mipaka na nyuma ya nyumba, na akina mama wakaendelea kuchuma majani yake. Mti huo ni ndugu wa mhogo, wa ukoo mmoja kabisa, na batobato haliusumbui sana. Wazo la kuwaoanisha ndugu hawa lilikuwa na mfano wake, kwani huko Java wataalamu wa miwa walikwisha kuuchanganya muwa na jamaa yake wa mwituni ili wapate afya yake.

Chotara wa kwanza alikuwa na afya ya mpira, lakini mizizi yake pia ilikuwa ya mpira: migumu, myembamba, hailiki. Ikabidi chotara yule aoanishwe tena na mhogo, na watoto wake tena, hadi mara tatu, na kila mara wachaguliwe wachache wenye afya ya upande mmoja na mizizi ya upande mwingine. Ni kazi ya mikono na subira. Ua hufunikwa kabla halijafunguka, chavua hupakwa kwa mkono, mbegu huhesabiwa moja moja, na mti husubiriwa mwaka mzima au zaidi ndipo uchimbwe. Nichols alichapisha matokeo yake mwaka 1947, na baada yake D. L. Jennings aliendelea mpaka mwaka 1957. Majina yanayokumbukwa ni ya Waingereza hao watatu. Wenyeji waliopanda, waliopalilia, waliofunika maua na kuchimba mizizi hayakubaki majina yao, ingawa bila mikono yao kusingekuwa na mbegu hata moja.

Tukiwa Amani niongeze jambo moja litakalotufaa baadaye. Mwaka 1936 Storey alieleza ugonjwa wa pili wa mhogo ambao haukuwa umeandikwa kabla, nao ni michirizi kahawia. Huu ni mjanja zaidi. Mti unaweza kuonekana mzima juu, kumbe chini mizizi imeoza na kuwa na madoa magumu ya rangi ya udongo. Mkulima hugundua siku ya kuchimba, wakati hana tena la kufanya.

Kutoka Amani hadi Muguga

Mwaka 1948 Waingereza waliunda Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, na chini yake Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa herufi zake EAAFRO. Makao yake yalijengwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na majengo ya Amani yakapewa watafiti wa malaria. Muguga palikuwa mahali pa heshima. Jirani na EAAFRO walikuwapo watafiti wa mifugo, na huko ndiko Walter Plowright na wenzake walikotengeneza chanjo ya sotoka iliyosaidia mpaka ugonjwa huo wa ng'ombe ukatangazwa kutoweka duniani mwaka 2011. Baada ya uhuru shirika hili lilirithiwa na nchi zetu tatu, na mwaka 1967 likawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo katika utafiti wa kilimo hatukuanza na ukurasa mtupu. Tulikuwa na nyumba moja kabla hatujawa na nyumba tatu.

Lakini mhogo haukuendelea nayo. Kazi ya kuuzalisha ilifungwa mwaka 1957. Batobato lilikuwa limetulia katika sehemu nyingi, na ugonjwa ukitulia mwenye fedha huona kazi imekwisha. Baadhi ya mihogo ya Amani iligawiwa vituo vya Kenya, Uganda na Tanganyika, na mingine ikaingia kwa wakulima ikapewa majina ya kienyeji na asili yake ikasahauliwa. Ule ulioitwa Kaleso katika pwani ya Kenya na ule unaoitwa Namikonga Tanzania ni mmoja, na umetoka Amani. Watu wa pande mbili za mpaka walikula mhogo uleule kwa majina mawili.

Kabla ya kufungwa, hata hivyo, Amani ilifanya jambo ambalo pengine wakati ule lilionekana dogo. Katika miaka ya 1950 mbegu za chotara wake zilipelekwa Nigeria, katika kituo cha utafiti cha Moor Plantation mjini Ibadan. Miche ikaoteshwa, na mmoja uliosimama imara mbele ya batobato ukapewa namba 58308. Haukuwa mhogo wa kusifiwa kwa mazao, wala hapakuwa na haraka yoyote ya kuutumia. Lakini watu wa Ibadan hawakuutupa.

Mwaka 1977

Wenzangu wa rika langu tulikuwa watoto Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka huo na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Tunakumbuka habari za ndege, za mabehewa ya reli na za meli za ziwani, kila nchi ikivutia kwake. Mswisi mmoja, Victor Umbricht, alipewa kazi ya kusuluhisha mgawanyo wa mali, na mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1984.

Lakini kuna mali ambayo mhasibu hawezi kuigawa. Muguga ilibaki Kenya na kuwa sehemu ya taasisi ya taifa ya utafiti iliyoundwa mwaka 1979. Tanzania iliunda shirika lake mwaka 1980, na Uganda, iliyokuwa katika misukosuko ya vita, ilipata shirika lake jipya mwaka 1992. Kila nchi ilikuwa na haki ya kuwa na taasisi yake, na siwalaumu waliofanya hivyo. Kilichopotea ni mazoea, yale ya mtafiti wa Kenya kumpigia simu mwenzake wa Tanzania, ya kupelekeana mbegu bila kupitia wizara mbili za mambo ya nchi za nje, na ya kusoma shajara ya shamba iliyoandikwa na mtu wa nchi nyingine. Mazoea hayaandikwi kwenye mkataba wa mgawanyo, na yakikatika huchukua muda mrefu kurudi.

Tauni ya Uganda

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kaskazini ya Kampala, wakulima wa Uganda walianza kuona batobato ambalo si lile walilolizoea. Hili liliua mavuno kabisa, na lilitembea. Waliolifuatilia walikadiria kuwa lilikuwa likisonga kusini kwa kilomita 20 hadi 30 kila mwaka, likibebwa na inzi weupe na pia na wakulima wenyewe waliobebeana vipando vyenye ugonjwa bila kujua. Mwaka 1997 wanasayansi walieleza sababu, kwamba virusi viwili vya batobato vilikutana katika mti mmoja, vikabadilishana sehemu zao, na kikazaliwa kirusi kipya kikali kuliko wazazi wake.

Katika nchi ya Teso, mashariki ya Uganda, ambako ng'ombe walikwisha kuporwa na vita, mhogo ndio uliokuwa umebaki, nao ukaondoka. Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na njaa na watu walikufa. Ugonjwa ukavuka mpaka kuingia magharibi ya Kenya, na kabla ya mwaka 2000 ulikuwa umefika Kagera. Baadaye ukaingia Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki. Kirusi hakikuuliza pasi. Wakati sisi tulikuwa bado tunajadili kama Jumuiya irudi, ugonjwa ulikwisha kuiunganisha Afrika Mashariki kwa namna yake.

Akiba ilikuwa wapi? Ilikuwa Ibadan. Mwaka 1967 ilianzishwa huko Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, IITA, na mwaka 1971 mtaalamu kutoka Korea Kusini, S. K. Hahn, alianza kazi ya mhogo. Alipotafuta asili ya afya dhidi ya batobato, aliukuta mti wa 58308 ukimngoja. Akauoanisha na mihogo yenye mazao makubwa, na katika miaka ya 1970 ikatoka mihogo mipya iliyopewa herufi TMS na namba zake, ambayo ilienea Nigeria kwa kasi.

Uganda ilipopigwa, watafiti wake wa Namulonge wakiongozwa na G. W. Otim-Nape waliijaribu mihogo hiyo katika mashamba yao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aina tatu zilitolewa kwa wakulima kwa majina ya Nase 1, Nase 2 na Nase 3. Hiyo ya tatu, ambayo wakulima waliiita Migyera, ndiyo TMS 30572 ya Ibadan, na ndani yake kuna damu ya chotara wa Amani, na ndani ya chotara kuna ule mpira ambao bibi zetu walichuma kisamvu chake. Mbegu iliyotoka Usambara ilikuwa imekwenda mpaka Afrika Magharibi, ikakaa ugenini zaidi ya miaka 30, na ikarudi Afrika Mashariki siku ya shida.

Kurudisha mazoea

Kurudi kwenyewe hakukuwa rahisi, na hapa nataka kuwa mwangalifu, maana wako wanaodhani ushirikiano ni kufungua mipaka tu. Kipando cha mhogo ni kijiti kibichi, na kikiwa na ugonjwa, ugonjwa husafiri nacho. Karantini si ukiritimba mtupu. Ndiyo maana mihogo mingi ya Ibadan ilisafiri ikiwa miche midogo ndani ya chupa za maabara, na ndiyo maana kituo cha karantini cha mimea cha Muguga kilikuwa na kazi kubwa. Magharibi ya Kenya, karibu na Busia, wataalamu wa nchi mbili walikubaliana njia nyingine. Vipando kutoka Uganda vilipandwa kwanza katika shamba maalumu karibu na mpaka, vikakaguliwa kwa macho ya pande zote mbili, vyenye dalili vikang'olewa, na vilivyobaki ndivyo vilivyosambazwa. Utaratibu wa namna hiyo hauwezekani mpaka mkaguzi wa nchi moja aamini daftari la mkaguzi wa nchi nyingine.

Imani hiyo ilijengwa na mtandao wa watafiti wa mazao ya mizizi wa Afrika Mashariki, na juu yake ASARECA, jumuiya ya taasisi za taifa za utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1994 na makao yake Entebbe. Ilianza na nchi 10, kuanzia Sudan na Eritrea mpaka Tanzania, Kongo na Madagascar. Tazameni tarehe hizo. Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mwaka 1999, kwa hiyo watafiti wa kilimo walikwisha kukaa meza moja miaka mitano kabla ya marais. Njaa haikuwapa nafasi ya kungoja.

Kisha ukaja ugonjwa wa pili. Ile michirizi kahawia ya Storey, ambayo kwa miaka mingi ilikaa ukanda wa pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa, ilionekana Uganda mwaka 2004, na baadaye ikaenea nchi za Maziwa Makuu. Mihogo iliyoshinda batobato mingi ilikuwa haina kinga nayo. Safari hii nchi zetu hazikungoja mtu wa mbali peke yake. Kuanzia mwaka 2012, chini ya mradi ulioratibiwa na IITA, Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji zilikubaliana kila moja itoe aina zake bora za mhogo, hadi tano, zisafishwe virusi maabara, kisha zigawiwe zote kwa wote zijaribiwe katika kila nchi. Zanzibar nayo ilikuwa imekwisha kutoa mihogo yake mwaka 2007, ikiwamo Kizimbani na Mahonda. Na katika kutafuta kinga ya michirizi, watafiti wamerudi tena na tena kwenye Namikonga, yaani Kaleso, mtoto wa Amani.

Deni

Ningependa kumaliza kwa habari njema tupu, lakini haingekuwa kweli. Mitandao hii yote iliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha za wafadhili. Fedha hizo zilipopungua katika miaka ya 2010, ASARECA ilibaki na watumishi wachache na ikabidi ijipange upya. Serikali za Afrika ziliahidi Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na nyingi hazijafika hapo. Ni hadithi ileile ya mwaka 1957, kwamba ugonjwa ukitulia kazi huonekana imekwisha.

Katika fani yangu kuna kanuni tuliyofundishwa mwaka wa kwanza wa chuo: kifaa ambacho huwezi kuishi bila yake usikiweke chumba kimoja na mwenzake wa akiba. Moto ukiingia chumba hicho, umekosa vyote viwili. Amani ilifungwa, Muguga ikagawanywa, Jumuiya ikavunjika, na bado mhogo ulipona kwa sababu akiba ilikuwa chumba kingine, kwa jirani wa mbali ambaye hakuitupa. Kwa hiyo mtu akiniuliza ushirikiano wa taasisi zetu za utafiti una nguvu kiasi gani, sitahesabu mikataba wala mikutano ya hotelini. Nitauliza ni mbegu ngapi za kwetu ziko salama kwa jirani, na ni ngapi za jirani ziko salama kwetu, na kama daftari zake zinasomeka na watu wa pande zote.

Na kuna deni. Nigeria ndiyo inayolima mihogo mingi kuliko nchi yoyote duniani, na michirizi kahawia imekwisha kufika mashariki ya Kongo. Ikiendelea kusonga magharibi, itawakuta watu ambao walitutunzia 58308 wakati sisi wenyewe tulikuwa hatujui kuwa tutaihitaji. Kinga ya ugonjwa huo iko kwetu, katika mashamba ya Tanga, Mtwara na Kilifi, katika mihogo ambayo wakulima waliipa majina na kuitunza. Kuwapelekea mapema, kwa njia salama, ndiyo namna ya kulipa.

Yule kijana nilimweleza habari hii yote Jumamosi iliyofuata, tukiwa njiani na mfuko wa mihogo ya Costa Rica. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mjomba, huo wa Amani una ladha gani?" Nikamwambia akienda nyumbani aombe bada na kisamvu, asiulize mhogo ni wa aina gani, maana aliyeupika naye huenda hajui ulikopita.